Gari ya Stima na Mitungi Kumi na Sita

Jumamosi moja juzi juzi, vijana watatu wa Langas walinikokotea pikapu mpaka hapa kwangu Yamumbi. Walikuwa wameng'oa injini, wakaweka mota ya stima na betri za kisasa za bei kali, na sasa gari imegoma. Mmoja wao akaniuliza kwa heshima nyingi sana, "Mzee, umewahi kusikia kuna magari ya stima?"

Ati kusikia! Nikawaambia waweke simu mfukoni wafungue boneti. Kumbe walikuwa wamekaza waya ya athi, ile inayorudisha stima kwenye bodi, juu ya rangi. Rangi haipitishi stima, wapendwa wangu, hata iwe ya kupendeza namna gani. Nikaikwangua kwa kisu cha jikoni, nikakaza tena, gari ikaondoka. Walinitazama kama mtu aliyefufuka. Wiki mbili walikuwa wanatazama video.

Basi naandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili yenu wengine mnaodhani kila kitu kilianza mlipozaliwa. Mimi nimeendesha gari ya stima hapa hapa nje ya Eldoret mwanzoni mwa miaka ya sabini. Haikwenda mbali, sitawadanganya. Lakini ilikwenda mahali nilipotaka iende.

Wakati huo nilikuwa fundi wa stima ya magari katika gereji moja mjini. Mwenye gereji alikuwa Mhindi mkali, na somo lake lilikuwa moja: kwanza tumia macho, halafu pua, spana baadaye. Mkiona gari imezima nyinyi mnakimbilia spana kama watu wanaokimbilia chakula cha harusi. Nusa kwanza! Waya iliyoungua ina harufu yake, na mota iliyoungua ina harufu nyingine, na ukishaijua hiyo ya mota hutaisahau, kwa sababu mara ya kwanza huwa ni mota yako mwenyewe.

Shida yangu ilikuwa moja. Sikuwa na ardhi. Mke wangu Akinyi alikuwa na mimba ya kwanza, tukiishi chumba kimoja Langas, na mwenye nyumba alishasema mtoto akizaliwa tutafute kwingine kwa sababu yeye hapendi kelele. Kwetu kule ziwani shamba la baba lilikuwa limegawanywa kwa ndugu saba, na sehemu yangu ungeweza kuitandikia kitanda na kubaki na nafasi ya viatu. Akinyi akaniambia, "Yawa, mimi sikuombi nyumba ya mawe. Nataka mahali nikipanda sukuma, hakuna mtu wa kuniambia ng'oa."

Sasa, miaka hiyo wazungu walikuwa wanauza mashamba wakienda kwao, na watu wanajiunga vikundi wananunua. Shamba moja karibu na hapa lilinunuliwa na wanachama kumi na sita. Wengi walitoka Mkoa wa Kati, watu wa Mungu na wa jembe. Mmoja wao alikuwa Mzee arap Lelei, ambaye alikuwa amemfanyia kazi mzungu mwenye shamba miaka mingi, akitunza injini ya taa. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Kamau, mzee wa kanisa, mtu mrefu ambaye hata akicheka ulifikiri anakukemea.

Mambo ya kugawana ndiyo yalikuwa yanaleta vita katika vikundi vingine, kwa hivyo Mwenyekiti akaweka sheria: kila kitu kinagawanywa sawa, kwa kura, mbele ya wote. Wakagawana ardhi. Wakagawana ng'ombe. Wakagawana mabati ya nyumba ya mzungu, milango, madirisha, hata mifereji ya maji. Kisha wakafika kwenye chumba cha taa.

Vijana, wakati huo stima ya serikali haikufika mashambani. Mzungu alikuwa na injini ndogo inayozungusha dainamo, na dainamo inachaji betri. Betri yenyewe haikuwa sanduku kama hizi zenu. Ilikuwa mitungi mikubwa ya glasi iliyopangwa kwenye rafu, wazi juu, ndani yake asidi na pleti za risasi, na kila mtungi ulitoa volti mbili. Yote ikifungwa pamoja ndiyo ilitoa nguvu ya kuwasha nyumba nzima. Na ilikuwa mitungi mingapi? Kumi na sita.

Wanachama kumi na sita, mitungi kumi na sita! Mwenyekiti aliona ni Mungu mwenyewe amegawa. Mzee arap Lelei akasimama, akasema jamani, hii ni kitu moja, ukiitenganisha hakuna taa. Wakamwambia wewe unataka kujiwekea yote. Wakapiga kura, kila mtu akabeba betri yake ya volti mbili akaenda nayo nyumbani. Mzee Lelei alisema alikuwa hajawahi kuona watu wanagawana giza kwa haki namna hiyo.

Vitu viwili tu vilishindikana kugawa. Cha kwanza ni pikapu ya mzungu, iliyopasuka bloku ya injini, imekaa stoo kuku wanatagia ndani. Cha pili ni kipande cha ardhi pale kona ya geti, kama ekari mbili, ambacho mpimaji alikibakiza kwa sababu hesabu yake ilikataa kuingia kumi na sita. Hapo ndipo nilipoweka macho.

Nilikwenda kwenye mkutano wao nikaomba kuuziwa ile kona kwa bei waliyolipa wao. Mwenyekiti akaniuliza mimi ni nani wao. Nikasema ni fundi. Akasema shamba halihitaji fundi, halina gari. Nikasema gari si ile pale stoo? Watu wakacheka. Kwa ujinga wa ujana nikasema, "Naweza kuiendesha bila injini."

Mwenyekiti akasimama. "Kijana, ukinichukua mimi ndani ya hiyo gari, kutoka kwa Mzee Lelei mpaka geti, bila mkono wa mtu kuigusa, hiyo kona tutakuandikia. Mkono mmoja ukigusa, usionekane hapa tena." Akanipa mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliofuata.

Nilirudi Langas nikamwambia Akinyi. Akaniambia, "Kwa hivyo shamba ya mtoto wangu iko ndani ya gari haina injini."

"Ndiyo."

"Haya. Kula ulale."

Sasa sikilizeni makosa yangu, maana haya ndiyo mtakayofanya nyinyi. Tulivuta pikapu kwa ng'ombe hadi kwa Mzee Lelei, na mimi nikafunga stata ya lori mahali pa injini. Nilijua stata ina nguvu, inazungusha injini nzima, si ndiyo? Ilizungusha magurudumu vizuri kwa dakika mbili. Dakika ya tatu ikatoa moshi, na ndipo nilipoijua ile harufu niliyowaambia. Stata imetengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache kisha ipumzike. Kuna vijana wa namna hiyo pia, lakini leo sitaji majina.

Nilikaa chini kando ya stata yangu iliyoungua, nikaona kabisa Akinyi anahama na mtoto mgongoni. Mzee Lelei akaniletea chai. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akili yake ilikuwa kwenye vidole. Akaniambia, "Kijana, nikuambie kitu. Wakati wa mzungu, nikisahau kuzima swichi, injini inamaliza mafuta lakini haisimami. Inazunguka tu. Unajua ni nini inazungusha?"

"Ni nini?"

"Ni mitungi. Inarudisha stima kwa dainamo, dainamo inazungusha injini. Mzungu alinifokea sana. Lakini mimi niliona: hii kitu inaenda na kurudi."

Nilimkumbatia mzee wa watu chai ikamwagika. Miaka yote niliyofunga dainamo sikuwa nimefikiri kwamba ukiipa stima inakuwa mota. Niliijua kwa mdomo, kwa vile nilivyofundishwa. Yeye aliijua kwa kuiona. Dainamo lenyewe lilikuwa bado kwenye chumba cha taa, kwa sababu hakuna aliyeweza kulikata vipande kumi na sita.

Tulilifunga kwenye giaboksi kwa kutumia bamba la klachi tulilolitoboa wenyewe, juma zima tukilinyoosha. Kama shafti mbili haziko mstari mmoja, hata kidogo tu, zitatikisika mpaka zivunje boliti. Hilo halijabadilika mpaka leo. Gia tulitumia namba moja peke yake. Kuwasha nako kulikuwa na kesi, maana ukilipa dainamo stima yote kwa ghafla linaruka na kukata waya. Leo mna kisanduku cha kompyuta cha kuipunguza. Sisi tulitumia waya ya fensi. Tuliizungusha kama springi, stima ikapita humo kwanza ikachoka kidogo, kisha unaisogeza swichi polepole. Ile waya iliwaka nyekundu kabisa. Mke wa Mzee Lelei aliomba kuchemshia maziwa.

Ikabaki mitungi. Nilianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, watu kumi na sita, kuomba betri. Aki nilicheka na nikalia. Mmoja alikuwa ameuweka mezani na asidi yake, umefunikwa kitambaa cha kushona, wageni wautazame. Mwingine alikuwa anauwekea maua kanisani. Watatu waliweka mbegu za maharagwe, na pleti wamezitupa juu ya bati upepo usiling'oe. Wa Mwenyekiti mwenyewe ulikuwa uvunguni, umefungwa kwa gunia, hautumiki kwa lolote, lakini ni wake. Kila mmoja nilimwambia habari yangu, na kila mmoja aliuliza swali lile lile: "Na wengine wametoa?" Nikisema jirani ametoa, naye anatoa.

Wa mwisho alikuwa Mama Wambui. Alikuwa mjane aliyenunua shea ya shamba kwa jina lake mwenyewe wakati ambapo wanaume walikuwa wanamwambia aandikishe jina la shemeji. Yeye aliutumia mtungi kuwekea karatasi ya shea yake. Aliufunika kwa sahani na jiwe juu, akauweka karibu na kitanda.

"Panya hawawezi kula glasi," akaniambia. "Na nikiamka asubuhi naiona karatasi bila kufungua kitu. Sasa wewe unataka niiweke wapi?"

Nikamwambia ukweli wangu tu, kwamba mke wangu atajifungua na hatuna pa kumpeleka mtoto. Akatoa ile karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia na Biblia ndani ya sufuria. Akanipa mtungi. Pleti zake alizitoa chini ya chombo cha maji ya kuku, zimekauka na kuota unga mweupe. Nilijua ni mbovu. Lakini nitamwambiaje? Nikachukua.

Hapa mnisikilize vizuri, maana hili ni la kupoteza macho. Ukichanganya asidi na maji, unamimina asidi ndani ya maji, pole pole. Usimimine maji ndani ya asidi kamwe, itachemka ikurukie usoni. Na pleti za risasi ni sumu. Tuliosha mikono kabla ya kula, na wale wa maharagwe niliwaambia hiyo mitungi isirudi tena kuwekewa chakula. Maji yawe ya mvua, lakini si ya dakika za kwanza, hayo yanaosha bati. Pia usivae suruali yako nzuri. Mimi nilivaa. Asidi ilinirukia matone, nikaona haina neno, suruali ni nzima. Akinyi akaifua Ijumaa. Jumapili kanisani nilisimama kuimba, nikasikia upepo mahali ambapo upepo haufiki. Kumbe asidi inasubiri sabuni!

Mitungi tuliichaji mjini gerejini, sita sita, ikienda kwa mkokoteni wa ng'ombe kupitia njia ya Langas, na wenyewe wakitembea kando, kila mtu ameshika wake usimwagike. Mhindi wangu alitazama ule msafara, akatingisha kichwa, akaniambia nitumie macho kwanza, halafu pua. Nikanusa. Mtungi wa Mama Wambui haukuwa sawa. Nikauchaji mara mbili zaidi, ukapanda kidogo.

Jumamosi ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ya shamba ilikuwa na matope. Wanachama wote walikuja, na Akinyi naye, tumbo mbele, amekaa juu ya jiwe karibu na geti. Mitungi ilipangwa nyuma ya pikapu kwa majani makavu, na Mzee Lelei akakaa katikati na gunia lenye maji, kuzima waya ikishika moto. Mwenyekiti akapanda kando yangu na suti yake ya kanisa. Upande wake haukuwa na mlango. Mlango huo uligawanywa pamoja na mabati.

Nikasogeza swichi. Waya ikawaka, dainamo likanguruma kidogo, na gari ikaondoka. Nimewasha magari maelfu katika maisha yangu, lakini hilo siwezi kulisahau. Unajua wanachama walisema nini? "Inateremka tu!" Kwa sababu hakukuwa na kelele ya injini, na njia ilikuwa inashuka kidogo, walisema ni kilima kinaivuta. "Haina kitu hiyo, inateremka!" Nikasema moyoni, ngojeni basi.

Tukafika chini, tukapita mahali tambarare. Ikaendelea, polepole, mwendo wa mama anayetoka sokoni na mzigo. Sasa hakuna tena wa kusema inateremka. Kisha wakaanza kukimbia kando yake wakipiga kelele, na nilichosikia ndicho sikukitarajia. "Mtungi yangu ndiyo inavuta!" "Wacha, ni yangu, ile ya kona!" "Yangu imesukuma tangu kwa Lelei!" Kila mtu alikuwa ndani ya ile gari. Mwenyekiti alitazama mbele tu.

Ikabaki kilima kidogo cha kufika geti. Ikapanda nusu. Halafu nikasikia dainamo linashuka sauti. Mzee Lelei akagonga kioo cha nyuma. "Mtungi moja inatoa mapovu!" Nilijua ni upi bila kugeuka. Mtungi dhaifu ukifungwa na wenye nguvu, wao wanaubebesha mzigo mpaka unageuka kuwapinga. Gari ikapunguza, ikatambaa, ikawa haiendi wala hairudi. Geti lilikuwa hatua kama ishirini mbele yetu. Nilimwona Akinyi amesimama juu ya lile jiwe, mikono kichwani.

"Ni wangu?" Sauti ya Mama Wambui, nyuma.

"Ndiyo, Mama," Mzee Lelei akamjibu. Hakujua kudanganya.

Nilitazama kwenye kioo cha pembeni. Niliona Mama Wambui anafunga leso kiunoni. Akaweka bega nyuma ya pikapu. Hakuita mtu. Mzee mmoja akamtazama, akatazama mgongo wa Mwenyekiti, akaweka bega lake. Kisha mwingine. Kisha wote, kimya kabisa, watu ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa ya mkutano, wanasukuma gari kwenye matope na midomo imefungwa. Mzee Lelei naye akashuka. Mimi nilishika usukani nikaangalia mbele, jasho likinitoka, nikiomba Mungu anisamehe.

Gari ikapita geti, ikasimama kwenye nyasi kavu. Nikazima.

Mwenyekiti alishuka taratibu. Akawageukia. Walikuwa wamejipanga mstari kando ya njia, mabega na leso zimejaa matope, wanahema kama ng'ombe waliolima. "Kuna mkono umegusa hii gari?"

Mama Wambui akasema, "Mkono? Hapana, Mwenyekiti. Hakuna mkono."

Alimtazama bega. Akawatazama wote, mmoja mmoja. Akinyi alikuwa ameshanifikia, amenishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Kisha Mwenyekiti akatoa daftari la chama, akalipiga bapa juu ya boneti, akaniuliza jina langu linaandikwaje. Nilimwambia huku nalia, wala sikuona aibu. Akaliandika, akaongeza la Akinyi chini yake.

Alipoinama kuandika ndipo nilipoangalia chini. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kinang'aa kwa rangi. Cha kushoto, kile cha upande usio na mlango, kilikuwa na matope mpaka kwenye kifundo.